Saratani ya tezi dume ya baba imefikaje kwenye mbavu? Kaka anasema ni sindano ya kipimo

BintiMuheza

Wakuu habari za jioni. Nitaandika marefu kidogo, mnivumilie. Jumamosi kuna kikao cha ukoo na nataka niende nikiwa na la kusema, maana mara ya mwisho niliishia kulia.

Baba ana miaka 71. Alikuwa mkataji mkonge, baadaye akawa msimamizi wa shamba. Mwaka jana karibu wote alilalamika kiuno. Zahanati wakasema ni uzee na kazi ya kuinama, akawa anapewa diklofenaki na sindano za vitamini. Haja ndogo ilikuwa inamtoka kwa kujikamua na usiku anaamka mara nyingi, ila hilo hakulisema yeye, alilisema mama. Tukapima PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikaja juu sana, 186. Wakachukua vinyama kwa sindano kupitia njia ya haja kubwa, majibu yakarudi saratani, Gleason 8, yaani ya daraja kali. Tukaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa picha ya mifupa. Nimeiona kwa macho yangu: mwili mzima wa kijivu, halafu madoa meusi kwenye pingili za kiuno, nyonga ya kushoto, mbavu tatu na sehemu ya juu ya paja.

Daktari ametoa njia mbili za kuanzia: kutoa korodani, au sindano ya kila miezi mitatu. Kaka mkubwa hataki kusikia. Anasema, "Baba alikuwa anatembea mwenyewe mpaka Muheza mjini kabla hamjamchokonoa. Ugonjwa ulikuwa umelala, mmeuamsha kwa sindano." Baba mdogo anamuunga mkono, na ameongeza kwamba sasa ni saratani ya mifupa, kwa hiyo kumtoa mzee korodani ni kumdhalilisha bure.

Mimi nashindwa kujibu mambo haya. Tezi iko chini ya kibofu, mbavu ziko huku juu. Ugonjwa umepita wapi bila kugusa tumbo wala ini? Kama umepita kwenye damu, mbona mikono haina kitu? Na kingine kinachonichanganya: kwenye eksirei daktari alituonyesha pingili mbili ambazo ni nyeupe kuliko nyingine, akasema hizo ndizo zimeliwa. Kitu kilicholiwa si kinapaswa kuwa na tundu?

MzeeGama

Binti, pole, na mpe mzee pole. Mimi si daktari. Nilikuwa mpiga picha, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa kwenye gama kamera, ile mashine iliyomlaza baba yako. Picha kama hiyo uliyoieleza nimeiona kwa wazee wengi kiasi kwamba ukinitajia kiuno, nyonga, mbavu na paja la juu, nakwambia tezi dume kabla hujamaliza.

Nianze na njia, maana hapo ndipo kaka yako anapopotea.

Damu inayotoka kwenye tezi dume inarudi kwa vena. Nyingi inapanda kwenda moyoni kama unavyojua. Lakini vena za nyonga zimeungana pia na mtandao mwingine wa vena unaozunguka uti wa mgongo, kutoka mkiani hadi kwenye fuvu. Mtandao huo hauna vali, yaani vilango vya kuzuia damu kurudi nyuma. Vena za miguu zina vali, damu ikipanda hairudi. Hizi za mgongoni damu inaenda juu au chini kufuata msukumo. Ukikohoa, ukijikamua chooni, ukiinua gunia, presha ya tumbo inapanda na damu ya nyonga inasukumwa kwenda mgongoni. Aliyelionyesha hili ni Mmarekani aitwaye Oscar Batson, mwaka 1940. Aliingiza rangi kwenye vena ya juu ya uume wa maiti akapiga eksirei, na rangi ikaonekana kwenye mifupa ya nyonga na pingili, bila kupitia mapafu kwanza. Vena za mbavu nazo zimeshikana na mtandao huohuo. Kwa hiyo swali lako la "umepita wapi bila kugusa ini" jibu lake ni hilo: kuna barabara ya pembeni. Na sasa mfikirie mzee ambaye kwa mwaka mzima anajikamua kila akienda haja ndogo.

Njia hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu seli zinazotoka ni nyingi na nyingi zinafia njiani. Nyingine zinapita kwenye damu ya kawaida, nyingine kwenye mitoki ya nyonga. Daktari Mwingereza, Stephen Paget, aliliuliza swali kama lako mwaka 1889 akiangalia wagonjwa wa saratani ya matiti: mbona inachagua viungo? Akajibu kwamba mbegu husambaa kila mahali ila huota kwenye udongo unaoifaa. Kwa tezi dume udongo ni uboho. Mikono haina kitu kwa sababu hiyo. Mtu mzima uboho mwekundu, ule unaotengeneza damu, unabaki kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kifua, fuvu, na ncha za juu za paja na mkono. Vidoleni na kwenye muundi kumejaa mafuta. Seli za uboho hutoa kemikali iitwayo CXCL12 ambayo kazi yake halali ni kuita seli mama za damu zirudi nyumbani. Seli za saratani ya tezi dume zina kipokezi cha kemikali hiyohiyo, zinaitika wito usio wao. Zikifika zinang'ang'ania vyumba vya seli mama, na huko zinaweza kulala miaka bila kukua. Ndiyo maana utasikia mtu alitolewa tezi, akakaa vizuri miaka mingi, halafu mgongo ukaanza.

Mwaka 2000 kulichapishwa uchunguzi wa maiti 1,589 za watu waliokuwa na saratani hii. Kwa wale ambao ugonjwa ulisafiri kwa damu, 90% mifupa yao ilikuwa imeguswa. Mapafu 46%, ini 25%. Ini huguswa, ila mara nyingi baadaye.

Weupe nitaueleza kesho, mjukuu anataka simu.

Mtoto_wa_Pangani

Wasomi mna maneno. Mimi mjomba wangu alikuwa mzima, analima, akaenda kuchukuliwa hicho kinyama, hakumaliza miezi sita. Saratani haipendi kuguswa, wazee wetu wanajua. Kaka yako ana hoja dada, msimpuuze.

MzeeGama

Pole kwa mjomba. Lakini jiulize alifuata nini hospitali. Mwanamume wa kwetu haendi kuingizwa sindano njia ya nyuma akiwa mzima analima. Anaenda hali ikishabana. Kipimo kinakuja mwishoni mwa safari ya ugonjwa kisha kinabeba lawama ya safari nzima.

Sindano ina madhara yake, nisiyafiche. Damu kwenye mkojo na manii siku kadhaa, na maambukizi: mtu akipata homa na kutetemeka baada ya kipimo arudi hospitali siku hiyohiyo. Imewahi kutokea pia seli zikaota kwenye tundu la sindano, ni nadra sana, na zikiota zinaota pale sindano ilipopita. Hazirukii mbavuni.

Na kwa baba yake Binti, hesabu ya tarehe inatosha. Kiuno kilianza mwaka jana. Kipimo kimefanyika mwaka huu. Pingili ambayo tayari imekuwa nyeupe kwenye eksirei ina kazi ya miezi mingi ndani yake. Ugonjwa ulikuwa mgongoni wakati zahanati wanampa diklofenaki.

Huko Siberia, Tuva, walifukua kaburi la mfalme wa Waskithi, wafugaji wa farasi wa zamani, wa miaka 2,700 iliyopita, mahali panaitwa Arzhan. Mtu wa miaka arobaini na kitu hadi hamsini. Mifupa yake imejaa vinundu, uti wa mgongo, nyonga, mpaka fuvu, na wataalamu walipochunguza mfupa kimaabara walikuta mpaka alama za PSA. Taarifa yake ilitoka mwaka 2007. Saratani ya tezi dume iliyosambaa. Yule mfalme hakuchomwa sindano na mtu yeyote.

Haya, weupe. Mfupa haukai ulivyo, unavunjwa na kujengwa kila siku. Kuna seli zinazotafuna mfupa, osteoklasti, na zinazojenga, osteoblasti. Saratani nyingi zikifika kwenye mfupa huwachochea watafunaji. Ya figo, kwa mfano, huacha matundu, na hayo ndiyo uliyotarajia wewe kuyaona. Ya tezi dume huwachochea zaidi wajenzi. Wanajenga kwa pupa, bila mpangilio, mfupa unajaa chokaa na kwenye eksirei unang'aa. Lakini nyuzi zake zimekaa ovyo, hauna nguvu ya mfupa wa kawaida. Na watafunaji hawajapumzika: wanatafuna pembeni, na mfupa ukitafunwa unaachia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake. Saratani inavila hivyo, inakua, inachochea tena. Mzunguko huo ndio unaoleta maumivu ya usiku. Kwenye vipimo vya damu vya mzee kuna kitu kinaitwa alkalaini fosfatasi. Kikiwa juu mara nyingi ni wajenzi hao wanavyohangaika.

Madoa meusi nayo usiyasome kama saratani yenyewe. Dawa tuliyokuwa tunachoma ni tekinishiamu iliyofungwa kwenye kemikali inayopenda mahali mfupa unapojengwa. Tunamwambia mgonjwa anywe maji, akojoe, asubiri masaa matatu hivi, kisha kamera inakusanya mionzi inayotoka mwilini mwake. Popote penye ujenzi panakuwa peusi. Goti lenye baridi yabisi, ubavu uliovunjika kwa kuanguka na baiskeli, jino bovu, vyote vinawaka. Kwa hiyo hesabu ya madoa isiwakoseshe usingizi. Anayeunganisha madoa na eksirei na PSA ni daktari.

Na hili umwambie baba mdogo polepole, kwa heshima yake: hiyo si saratani ya mifupa. Mchukue kipande cha pingili ile ukiweke chini ya hadubini, utakuta seli za tezi dume zimekaa ugenini. Zimehama na tabia zao. Bado zinatoa PSA na bado zinakula testosteroni, homoni ya kiume ambayo nyingi hutoka kwenye korodani. Kwa hiyo ukikata testosteroni, unazinyima chakula hata zikiwa mbavuni. Daktari amelenga korodani kwa sababu hiyo, si kwa kutojua mifupa iko wapi.

FundiReli_Tabora

Nimesoma yote. Mzee Gama ameeleza kwa picha, mimi nina mifupa yenyewe.

Mwanangu, nilikuwa fundi wa injini za treni. Ugonjwa wangu ulijulikana mtarimbo uliponishinda kuinua, nikaja kukutwa na PSA zaidi ya 300 na pingili mbili na nyonga. Nilitolewa korodani. Naandika hivi wazi kwa sababu jina langu hapa hamlijui, na kwa sababu wazee wenzangu wanakufa na maumivu huku wanalinda kitu ambacho kwa umri huu kilishastaafu.

Nilivyoingia chumba cha upasuaji nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, kugeuka tu nalia. Wiki haijaisha nikalala chali. Sikuamini. Baadaye nikasoma kwamba hili si jipya hata kidogo: mganga mmoja wa Chicago, Charles Huggins, alilionyesha mwaka 1941, wazee waliokuwa hoi kwa mifupa wakanyanyuka, na mwaka 1966 akapewa Nobel. Upasuaji ni mdogo, unafanyika hospitali nyingi, na ukishafanyika hakuna sindano ya kukumbuka wala ya kukosa hela. Sindano inafanya kazi ileile na haikatwi kitu, ila lazima uipate bila kuruka. Baba akichagua sindano, muulizeni daktari kuhusu vidonge vya kutangulia, bikalutamidi, maana siku za mwanzo ile sindano inapandisha testosteroni kabla ya kuishusha, na kwa mtu mwenye pingili mbaya kupanda huko kunaweza kuvimbisha saratani ikabana neva za uti wa mgongo. Kwa kutolewa korodani hakuna kupanda huko.

Yanayokuja baadaye nayo yasemwe. Joto linapanda ghafla, unatoka jasho msikitini wenzako wanadhani umeshikwa na homa. Hamu inaondoka. Misuli inalegea, tumbo linakuja mbele. Mke wangu aliambiwa yote kabla, na hilo lilitusaidia kuliko dawa. Mama yako akae kwenye kikao hicho cha Jumamosi. Msimwache jikoni.

Mimi pia napewa dripu ya asidi ya zoledroniki kwa ajili ya mifupa. Inawazuia wale watafunaji aliowataja Mzee Gama. Kabla hawajaanza nilipelekwa kwa daktari wa meno, magego mawili yakang'olewa kwanza, kwa sababu dawa hii inaweza kuozesha mfupa wa taya ukija kung'oa jino baadaye. Baba yako mwangalieni meno. Wanapima na figo.

Ugonjwa huu haumalizwi kwa njia hii, nisikudanganye. Siku moja seli zinajifunza kuishi bila testosteroni, PSA inaanza kupanda tena, na hapo kuna dawa nyingine, abirateroni, dosetaseli. Lakini msikubali anayewahesabia wiki. Rais Mitterrand wa Ufaransa aligunduliwa Novemba 1981, miezi michache baada ya kuapishwa, na tayari ulikuwa kwenye mifupa. Akaficha, akatawala vipindi viwili vya miaka saba, akafa Januari 1996. Si wote wanaopata miaka hiyo. Wapo wanaoipata.

Mwanamvita

Pole sana mamangu, na shikamooni wazee hapo juu. Mimi ni nesi, niko Mombasa, nafanya kazi na wagonjwa wa majumbani. Naongeza moja ambalo halijatajwa sawasawa, na hili msingoje kikao.

Baba ana pingili za kiuno. Akianza kusema miguu imekuwa mizito, anajikwaa, ganzi sehemu anayokalia, mkojo umefunga kabisa au haja inamtoka bila kujua, ama maumivu ya mgongo yamebadilika ghafla yakawa kama mshipi unaomkaza kiunoni, huyo anapelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Saratani inaweza kuvimba kwenye pingili, au pingili ikabomoka, ikabana neva za uti wa mgongo. Huanzwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, upesi, kisha mionzi au upasuaji. Anayefika akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Anayefika baada ya miguu kulala, mara nyingi miguu hairudi. Nimeona familia zikimkanda mzee kwa mafuta ya karafuu wiki nzima wakidhani ni baridi.

Na maumivu ya mfupa mmoja unaosumbua sana, kwa mfano hilo paja, mionzi ya mara moja tu, kipimo cha gireyi 8, kwa maumivu hufanya kazi sawa na kurudi siku nyingi. Kwa mtu anayetoka mbali hilo ni jambo la kuuliza. Akipewa morfini ya maji msiogope neno lenyewe, ila apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Diklofenaki msimpe mpaka daktari aangalie figo.

BintiMuheza

Shikamooni wazee wangu. Ahsante dada Mwanamvita. Nimesoma mara mbili, nimemsomea na mama. Ile ya mfalme wa Siberia kacheka, mara ya kwanza mwezi huu.

Nimempigia kaka jana usiku nikampa hesabu ya tarehe tu, sikugusa mengine. Kanyamaza, halafu kasema "lakini bado korodani hapana." Basi angalau la sindano ya kipimo ameliachia. Baba mwenyewe hajaulizwa anataka nini! Nimeliona hilo wakati naandika. Jumamosi nitaanza na yeye.

Swali moja dogo: anapenda kupanda baiskeli kwenda kuangalia mihogo, kilomita mbili hivi. Na mnazi anaukwea mpaka leo, ule mfupi wa uani. Tumzuie?

Mwanamvita

Mnazi mzuieni leo. Baiskeli isubiri daktari aitazame eksirei ya paja: doa likiwa limekula sehemu kubwa ya mfupa pale juu karibu na nyonga, unaweza kuvunjika kwa kukanyaga pedali tu, na madaktari wa mifupa wakati mwingine huweka chuma kabla haujavunjika. Kutembea aendelee, na fimbo. Vitu vizito asiinue, hata ndoo.

FundiReli_Tabora

Fimbo ataikataa wiki ya kwanza. Mnunulieni mwavuli mrefu.